Mkeo Hajui Unalipwa Shilingi Ngapi?

Mnh! Hebu rudia, mdogo wangu, nisikie vizuri. Umeoa mwaka wa tatu huu, mtoto ndiyo kwanza anaota meno, mama yake yuko nyumbani anamlea, nyumba nzima inakula mshahara wako, na mwenyewe hajui unalipwa shilingi ngapi? Msyuu! Na nyie wengine mnagongeana mikono kana kwamba kijana katoa hekima. Mimi sicheki. Muuza kahawa, nijazie kikombe, hapa hatuondoki mapema.

Najua kijiwe kinasema nini. Mzee wetu pale ukutani kashalitamka: mwanamke akijua mshahara, mahitaji hayaishi. Mzee, shikamoo yako iko palepale, lakini kwa hili nakukatalia mbele za watu. Wewe ulilea wanao huku shamba la Kisarawe likileta muhogo, nazi na kisamvu, mshahara ukawa wa chumvi, sukari na sare za shule. Huyu kijana hana shamba. Kapanga chumba na sebule hapa Mwananyamala, na kila kinachoingia kinywani mwa mwanawe kimenunuliwa. Akiugua yeye wiki mbili, nyumba nzima imeugua. Watu watatu wanaegemea mshahara mmoja, halafu mtu mzima wa pili ndani ya nyumba hiyo, mwenye akili zake timamu, amezibwa macho makusudi. Huko ndiko kupanga maisha?

Tufanye hesabu, tena tuifanye kwa sauti. Kijana anatunza stoo kwenye kampuni ya watu binafsi. Mkataba unasema 700,000. Basi akifika hapa ni mtu wa laki saba, na kwenye vikao vya harusi anaahidi kama mtu wa laki saba. Lakini NSSF wanachukua asilimia 10 yake, 70,000, na mwajiri anatakiwa kuongezea 10 nyingine. Inabaki 630,000, na hiyo ndiyo inayokatwa kodi. Hadi 270,000 haikatwi kitu. Kutoka hapo hadi 520,000 ni asilimia 8, yaani 20,000. Ile 110,000 inayobaki juu inakatwa asilimia 20, yaani 22,000. Kodi jumla 42,000. Kinachofika mkononi ni 588,000. Na kama alisoma chuo kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, asilimia 15 ya mshahara inaondoka kabla hajaiona, 105,000 nzima, anabaki na 483,000. Haya, niambieni, huyo ni mtu wa laki saba?

Tuseme Bodi hawamdai. Kodi ya nyumba 120,000 kwa mwezi. Chakula, bila kujinyima sana wala kujiachia, 8,000 kwa siku, ni 240,000. Nauli ya kazini, daladala mbili kwenda na mbili kurudi kwa 600 kila moja, siku 26, ni 62,400. Luku, maji na gesi tuweke 50,000. Jumlisheni wenyewe: 472,400. Zimebaki 115,600. Humo ndimo mna dawa ya mtoto, viatu, sabuni, bando, mama wa kijana kule kijijini, kadi za michango na hiyo akiba tunayoimba kila siku.

Sasa mzee wangu, turudi kwenye neno lako. Mke wa kijana huyu anajua mumewe kaajiriwa, kila asubuhi anavaa shati lililopigwa pasi, tarehe 25 mshahara unasoma. Kwa mawazo yake zinabaki laki tatu, labda nne, mume anazificha. Kwa nini asiombe kitenge? Kwa nini asinune akinyimwa hela ya saluni? Anaomba kwa sababu hajui mfuko unaishia wapi. Mwonyeshe slipu ya mshahara, mstari kwa mstari, NSSF hii, kodi hii, nauli hii, uone kama atakuja kuomba kitenge kwenye 115,600 ambamo mna dawa ya mwanawe. Wanawake wa mjini hapa wanajua hesabu kuliko sisi tunaokaa kijiweni kuwasema.

Halafu kuna hili la kuacha hela mezani asubuhi. Hili linaniuma, kwa sababu linafanywa na wanaume wema kabisa, wasiokunywa wala kubeti. Mtu anaamka, anaacha 8,000 chini ya kikombe, anaondoka akiamini amebana matumizi. Amebana nini? Mwenye hela ya siku moja hawezi kununua kitu cha siku kumi. Anakwenda kwa Mangi kila siku kupimiwa: mafuta ya kula ya buku, sukari robo, mchele nusu, sabuni kipande, mkaa kopo. Kila kipimo kina faida ya Mangi ndani yake, na Mangi hana kosa, ndiyo biashara yake.

Jirani yangu mmoja, dada mwenye watoto wawili, aliwahi kunionyesha daftari lake. Daftari la shule la kawaida, kurasa zimelowa mafuta pembeni, ameligawa kwa mstari katikati. Upande wa kushoto aliandika mwezi ambao mumewe alikuwa akiacha hela ya siku: mafuta ya kula buku kila siku, mwezi ukaisha na 30,000. Upande wa kulia, mwezi ambao mume alimkabidhi hela ya nusu mwezi kwa mkupuo: dumu la lita 5 duka la jumla, 27,000, na chini yake kaandika tarehe lilipoisha. Lilipika siku 40. Akafanya hivyohivyo kwa mchele, maharage na sabuni ya mche. Mume hakuongeza hata jero. Hela ni ileile, ila ilifika mkononi mwa mnunuzi ikiwa bado nzima. Nikamuuliza, je, shemeji hakuogopa utaimaliza kwa wiki? Akasema aliogopa sana mwezi wa kwanza, wa pili akaanza kuomba kulisoma daftari mwenyewe.

Ndiyo maana nasema siri ya mshahara ina bei, na inalipwa gengeni kila siku.

Tuje kwenye jambo linalowaangusha wengi zaidi, na hapa naomba utulivu, wewe wa bodaboda zima hiyo redio. Kodi ya miezi sita. Mwenye nyumba hapa mjini haji kila mwezi kuomba 120,000. Anakuja mara mbili kwa mwaka kuomba 720,000, na wengine wanataka ya mwaka mzima. Kwa kijana anayepokea 588,000, hiyo ni zaidi ya mshahara wote wa mwezi, hata asile, hata asipande daladala. Kwa hiyo kodi haijawahi kuwa matumizi ya mwezi wa saba. Ni matumizi ya kila mwezi yanayosubiri nje ya mlango. Asiyeitenga 120,000 siku mshahara uliposoma amejikopesha kodi ya mwenye nyumba bila kujua, na anaila kidogokidogo kwenye chipsi na vocha.

Itengwe, lakini wapi? Kwenye laini ya simu unayonunulia bando haikai, tunajuana. Kwenye kikoba si mahali pake, kwa sababu vikoba vingi vinagawana mwisho wa mwaka na mwenye nyumba hasubiri Desemba. Mimi nawapenda wale wanaocheza mchezo kwa akili. Kusanyikeni watu sita mnaofahamiana, wa kazini au wa mtaa, ambao kodi zao zinaisha miezi tofauti. Kila mmoja anatoa 120,000 kwa mwezi kwa kijumbe. Kila mwezi mmoja anaondoka na 720,000, na zamu zinapangwa kufuata tarehe za kodi, asiwepo wa kugombania namba ya kwanza. Hamna riba, hamna fomu. Hatari yake ni mmoja tu anayepokea kisha akahama mtaa, ndiyo maana nasema wawe watu unaojua hata kwao.

Asiyeamini watu yuko huru kwenda UTT AMIS, ni taasisi ya serikali, ina mifuko ya uwekezaji ya pamoja tangu Mfuko wa Umoja ulipoanza mwaka 2005. Upo mmoja unaitwa Ukwasi, umewekwa kwa ajili ya hela ambazo mtu atazihitaji karibuni. Unanunua vipande kwa simu. Ukitaka kuuza, hela inachukua siku kadhaa za kazi kufika, kwa hiyo ya kodi unaweza kuiweka, ya mtoto akishikwa na homa usiku wa manane hapana. Hiyo ya homa ikae karibu, na ikae mahali ambapo mama mtoto anaweza kuitoa bila kumpigia simu mtu aliyeko kazini Kigamboni.

Na yule bwana aliyetuhubiria juzi habari za hatifungani za serikali zinazouzwa na Benki Kuu, nilimsikia. Ni kitu kizuri, riba inakuja kila miezi sita, kuingia ni kuanzia milioni moja. Lakini mtu asiye na kodi ya miezi sita ijayo hana milioni ya kufungia miaka ishirini. Kila jambo lina zamu yake.

Kwa sababu mwenye nyumba akigonga na hela haipo, kijana anakwenda wapi? Semeni. Kausha damu! Jina lenyewe watu wamelipa bila kumung'unya. Anachukua 200,000, anaambiwa mwisho wa mwezi alete 260,000, na dhamana yake ni kadi ya benki pamoja na namba ya siri. Yaani mshahara ukisoma, mwingine ndiye anaupokea. Benki Kuu imewawekea watoa mikopo wadogo wenye leseni ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi, ambayo kwa 200,000 ni 7,000. Elfu saba na elfu sitini, jamani! Msyuu! Kuna na zile programu za simu zinazokopesha kwa dakika tano, kisha ukichelewa zinawatumia mama mkwe, bosi na mchungaji ujumbe kwamba wewe ni tapeli. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 za namna hiyo zisizo na kibali. Orodha ikatoka, watu wakaendelea kuzipakua, kwa sababu mwenye nyumba alikuwa bado amesimama mlangoni.

Na mara nyingi deni hilo mke halijui. Ndilo linalonifanya nipandishe sauti. Mume anakopa kwa aibu, analipa kwa siri, hela ya mezani inashuka kutoka 8,000 hadi 5,000 bila maelezo, mke anadhani kuna mwanamke nje. Ndoa inavunjika, na chanzo chake ni 60,000 ya riba. Nimekaa kwenye vikao vya kusuluhisha vya namna hiyo. Wote wawili wanalia, na hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa mbaya.

Tuseme sasa jambo ambalo hatupendi kulisema kijiweni. Huyo mmoja anayelisha nyumba akifukuzwa kazi, au akifa?

Ya kazi kwanza. NSSF wana fao la kukosa ajira. Mtu aliyechangia angalau miezi 18, akaachishwa bila kuacha mwenyewe, anaweza kulipwa theluthi moja ya mshahara kwa miezi sita. Kwa kijana wetu ni kama 233,000. Angalieni zile hesabu zetu, haitoshi hata chakula cha 240,000. Tena inakuja ikiwa mwajiri alipeleka michango kweli. Wako waajiri wanaokata kila mwezi na hawapeleki. Slipu inasoma 70,000, NSSF inasoma sifuri. Waombe NSSF taarifa ya michango yako mara kwa mara ukiwa bado uko kazini na sauti unayo, usingoje siku unatolewa getini na boksi. Kwa hiyo juu ya fao hilo nyumba inahitaji hela yake yenyewe ya kukaa miezi miwili au mitatu, hata ikichukua miaka miwili kuikusanya kwa 20,000, 20,000. Hiyo iwe mbele ya kiwanja. Najua nimegusa pabaya. Kijana wa Dar akipata mtoto tu, anakimbilia Chanika au Kivule kulipia kiwanja kwa awamu, kwa 100,000 kati ya ile 115,600, na mtoto akipata nimonia anauza simu. Kiwanja ni heri, mimi sikipingi. Lakini kisiwe kimekula dawa.

Na ya kifo. Nenda msibani ukasikilize wajane wadogo, wa miaka 26, 27. Maneno yao yanafanana. Sijui alikuwa na akaunti benki gani. Sijui namba yake ya NSSF. Nasikia alikuwa na kiwanja Mbagala, karatasi anazo kaka yake. Halafu wadai wanajitokeza kabla arobaini haijasomwa, kila mmoja na daftari lake, na yeye hawezi kubisha wala kukubali, kwa sababu hajui. Mafao ya urithi yapo, sheria inawatambua mjane na watoto, lakini yanadaiwa kwa karatasi: cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto kutoka RITA, cheti cha kifo, barua ya mahakama ya usimamizi wa mirathi. Cheti cha mtoto ambacho baba hakuwahi kukifuatilia akiwa hai, mama anakifuatilia akiwa na eda au na gauni jeusi, na nauli ya kukopa. Mtu anayempenda mkewe angemwepusha na hilo Jumamosi moja tu: bahasha, nakala za vyeti, namba za uanachama, majina ya benki, anayedai na anayedaiwa. Aiweke kabatini, amwambie iko wapi.

Nasikia mwingine ananong'ona: akijua vyote, si atakuja kuvichukua tukiachana? Kaka, sheria haikukusubiri. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakukataza kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa yake. Na mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilisema kazi za mke nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Kupika, kufua, kulea, kunyonyesha. Zaidi ya miaka 40 imepita, na hapa bado mtu anasema mke wangu hafanyi kazi. Hafanyi kazi! Mtoto analala na nani? Ukimlipa mtu wa kukufanyia hayo yote, zile 115,600 zinatosha? Nyumba yenye mshahara mmoja ina wafanyakazi wawili, mmoja tu ndiye anayepewa slipu.

Simaanishi mama mwenye kichanga asukumwe akauze vitumbua alfajiri ili mahesabu yakae sawa. Mtoto akikua, akitaka mwenyewe, genge la mchicha au barafu za watoto zitasaidia, na mtaji wake usiguswe kulipia Luku. Lakini hayo wayaamue wote wawili.

Michango ya harusi nitaipitia haraka maana kahawa inapoa. Kaeni Januari, mjiulize kwa mwaka mnaweza kuchangia shilingi ngapi jumla. Ikiisha Agosti, imeisha, wa Septemba aambiwe kwa heshima na apelekewe mikono ya kumenya vitunguu.

Dogo wa bodaboda, umenyoosha mkono tangu zamani. Eti wewe huna slipu, una hesabu ya bosi kila jioni na kinachobaki hakitabiriki. Kwako daftari ni la lazima kuliko kwa huyu wa stoo. Andika kila siku umeingiza nini, umempa bosi nini, mafuta, puncha, chakula. Fanya hivyo miezi mitatu, kisha chukua mwezi mbaya kuliko yote, huo ndio mshahara wako. Nyumba ipangwe kwa mwezi huo mbaya, na ziada ya mwezi mzuri iende kwenye kodi siku hiyohiyo kabla haijalala. NSSF siku hizi wanapokea hata waliojiajiri, kwa hiyo usiseme hayo ni ya wenye tai. Na huyo shemeji yetu alione hilo daftari pia.

Haya, wewe mwenye mshahara wa siri, tumalizane. Umesema kodi yako inaisha miezi minne ijayo na hujaweka kitu. 720,000 kwa miezi minne ni 180,000 kila mwezi, na hesabu yetu ilitenga 120,000 tu; 60,000 inayopungua itoke kwenye ile 115,600 ya dawa, viatu na mama kijijini. Peke yako, kwa siri, hizo 60,000 utaishia kuzitafuta kwa kausha damu. Leo jioni toa slipu, kaeni mkekani mtoto akishalala, muone nini kinapungua: king'amuzi, nauli ya kituo kimoja, kiwanja kusimama kwa muda. Hata hivyo isipotimia, nendeni wawili kwa mwenye nyumba sasa hivi, mkamwombe apokee ya miezi mitatu, mkiwa bado hamdaiwi kitu na sura zenu bado ni za wapangaji wazuri.

Muuza kahawa, vikombe vya huyu kijana nalipa mimi. Yeye hiyo buku aende nayo nyumbani.